Kishikwambi Kiko Kabatini, Mtoto Yuko Saiba

Tarehe 12 Juni 2009 Rais Mwai Kibaki alikuja ngome ya Fort Jesus, Mombasa, kuupokea waya wa intaneti wa TEAMS, uliolazwa chini ya bahari kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu. Kabla ya hapo nchi nzima ilitegemea setilaiti, na intaneti ilikuwa ghali na ya kusuasua. Mwezi uliofuata waya wa SEACOM ukaanza kazi, 2010 ukaja EASSy, 2012 ukafuata LION2. Tangu hapo Mombasa ndiyo mlango wa intaneti ya Kenya, na sehemu kubwa ya mawasiliano ya Uganda na Rwanda hupitia hapa kwetu kabla ya kupanda bara.

Ukitoka kwenye lango la ngome hiyo, ukafuata barabara ya Sir Mbarak Hinawy hadi msikiti wa Mandhry, kisha ukakata vichochoro vya Mji wa Kale kuelekea Kibokoni, hujatembea hata robo saa. Humo ndani, nyuma ya milango ya nakshi ambayo watalii huipiga picha, mna watoto wanaongoja baba arudi usiku na simu ndipo wafanye kazi ya nyumbani. Endelea hadi Kuze, Bondeni, Majengo, na kule Muoroto ukingoni mwa Tudor: hali ni hiyo hiyo, na kwengine ni mbaya zaidi. Waya ulipita miguuni mwao ukaenda zake.

Kwa zaidi ya miaka kumi serikali zetu zimekuwa zikihesabu vifaa: vilinunuliwa vingapi, vimefika shule ngapi, vimezinduliwa na nani. Mimi nasema hesabu hiyo ni ya mwenye zabuni, haimhusu mtoto. Mtoto wa nyumba ya kupanga ya chumba kimoja anahitaji mahali. Anahitaji chumba kilicho wazi saa ambazo yeye ana nafasi, chenye mtandao usiotoka mfukoni mwa mamake, na mtu mzima anayejua anachokifanya. Chumba hicho huwa si ahadi inayopigiwa tarumbeta na mgombea wa urais, kwa sababu hakipendezi kwenye bango.

Ahadi iliyopendeza tunaikumbuka. Mwaka 2013 muungano wa kisiasa wa Jubilee uliahidi kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza katika shule za umma. Zabuni ya kwanza, ya shilingi bilioni 24.6 hivi, ilipewa kampuni ya Olive ya India mwaka 2014, na ikafutwa baada ya mvutano wa kisheria. Mradi ukahamishiwa Mamlaka ya TEHAMA, na vipakatalishi vikageuka vishikwambi. Kazi ikagawanywa baina ya Chuo Kikuu cha Moi kikishirikiana na kampuni ya JP SA Couto ya Ureno, na chuo cha JKUAT kikishirikiana na Positivo BGH. Majaribio yalifanywa mwaka 2016 katika shule 150. Miaka mitatu minne baadaye, vifaa zaidi ya milioni moja vilikuwa vimefikishwa katika shule za msingi zaidi ya 21,000. Kila shule ilipata vishikwambi vya wanafunzi, vifaa viwili vya walimu, projekta, na sava yenye masomo yaliyotayarishwa na taasisi ya mitaala, KICD.

Si haki kusema hakuna kilichofanyika. Kufikisha vifaa hadi Turkana na Tana River si jambo dogo, na mpango huo ulisukuma umeme kufika shule ambazo hazikuwahi kuwa nao. Lakini tazama yaliyofuata. Kifaa kilikuwa cha darasa la kwanza, mtoto akipanda darasa anakiacha nyuma. Mwalimu mkuu alikabidhiwa mali ya serikali akaambiwa ikiibwa ataulizwa yeye. Basi akafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya: akatia vyuma madirishani na kufuli kabatini. Serikali humpa shilingi 1,420 kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka mzima, na katika hizo atoe chaki, ukarabati, maji na stima. Betri ya kishikwambi cha 2017, katika joto na hewa ya chumvi ya kisiwa hiki, imeshakufa zamani, na fungu la kununua nyingine halipo. Watoto walioingia darasa la kwanza mwaka 2016, ambao ahadi ile ilikuwa yao hasa, ndio waliofanya mtihani wa mwisho wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, mwaka 2023. Wameondoka shule ya msingi, na kabati limebaki.

Mtihani wa kweli wa mpango ule ulikuja Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona. Masomo yakapelekwa kwenye redio ya KBC, kwenye runinga, kwenye YouTube na kwenye tovuti ya KICD. Mji wa Kale ulipata adhabu mara mbili. Tarehe 6 Mei 2020 serikali iliufunga pamoja na Eastleigh ya Nairobi, mtu asiingie wala asitoke. Ilikuwa Ramadhani. Idi ikapita tukiwa ndani, na amri haikuondolewa mpaka tarehe 6 Juni. Wachukuzi, mama wa mahamri, vijana wanaowazungusha watalii, wote kipato kilikatika siku moja. Katika nyumba ambayo futari yenyewe ilikuwa ya kubahatisha, nani angenunua bando ili mtoto atazame somo la sayansi? Na vile vishikwambi zaidi ya milioni moja vilivyonunuliwa kwa kodi yetu vilikuwa shuleni, na shule zilikuwa na kufuli. Sijasikia mpaka leo kiongozi aliyeulizwa kwa nini hakuna mpango uliowekwa wa kuwaazima watoto vifaa hivyo, hata kimoja kwa nyumba tatu.

Korona ilipita. Kilichokuja baada yake kimekaa, nacho ni kwamba dola imehamia mtandaoni na imewaachia maskini gharama za kuhamia nayo.

Fuata maisha ya familia moja ya kawaida ya mtaa wetu, kuanzia mdogo hadi mkubwa. Aliye gredi ya nne anapewa kazi na mwalimu kupitia kikundi cha WhatsApp cha wazazi: tafuta picha za wanyama wa porini, zichapishe, zibandike. Simu ya mama ni ya kitufe. Anamtuma mtoto saiba, kibanda cha kompyuta cha kulipia, ukurasa shilingi kumi, wa rangi zaidi ya hapo. Aliye gredi ya tisa mwaka 2025 alitakiwa kuchagua shule ya sekondari ya juu, na chaguo hilo la maisha likaingizwa kwenye mfumo wa mtandaoni. Aliyemaliza kidato cha nne anaomba nafasi ya chuo kupitia tovuti ya KUCCPS, na mkopo kupitia tovuti nyingine, huku akiambatisha nakala za vyeti zilizopitishwa kwenye skana. Baba anataka cheti cha kuzaliwa cha kitindamimba. Tangu Juni 2023, serikali ilipozindua huduma 5,000 kwenye eCitizen, na idadi imeendelea kupanda, karatasi haipatikani bila kupita huko. Hata walimu hawakusalimika: maswali ya tathmini hupakuliwa kutoka tovuti ya baraza la mitihani na alama hupakiwa humo humo, na katika shule nyingi bando linalofanya kazi hiyo ni la mwalimu mwenyewe.

Kila moja ya safari hizo huishia saiba. Huyu kijana wa saiba, anayekaa kwenye kibanda chenye kompyuta nne na printa moja inayokwama karatasi, ndiye afisa wa elimu ya kidijitali wa mtaa wetu. Ndiye anayemfundisha bibi wa miaka sitini maana ya nywila. Ndiye anayemsomea mzazi orodha ya kozi na kumwambia hii ina karo nafuu, ile ina ajira. Hakusomeshwa na wizara yoyote kwa kazi hiyo, na hana mshahara wa serikali. Namheshimu sana. Lakini tuseme kweli: kwenye daftari lake mna barua pepe na nywila za nusu ya mtaa. Watu wanafunguliwa akaunti kwa namba ya simu isiyo yao, mwakani wakirudi hawawezi kuingia, na mlolongo unaanza upya kwa malipo mapya. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Ulinzi huo maskini ataupata wapi, ikiwa njia pekee aliyoachiwa ni kumpa mtu baki kitambulisho na siri zake zote juu ya kaunta?

Kuna hesabu moja ambayo kila mzazi anafaa kuijua. Bando la intaneti hutozwa ushuru wa bidhaa. Mwaka 2018 ushuru huo uliwekwa asilimia 15, mwaka 2021 ukafika 20, na mwaka 2023 ukarudishwa 15. Juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16. Maana yake ni kwamba mama anayenunua bando ili mwanawe apakue kazi ya shule ya umma, kwa mtaala uliotungwa na serikali, kutoka tovuti ya serikali, anailipa serikali kwa ruhusa ya kuitii. Katiba, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Elimu ya lazima ikiwa na sehemu inayofanyika mtandaoni, basi sehemu hiyo nayo lazima iwe ya bure. Sioni namna nyingine ya kukisoma kifungu kile.

Wapo watakaosema Mombasa si mahali pa kulilia. Ni kweli kwamba Sensa ya 2019 ilionyesha nchi nzima watumiaji wa intaneti ni asilimia 22.6 ya watu wa umri wa miaka mitatu na zaidi, wa kompyuta asilimia 10.4 tu, na Mombasa iko juu ya wastani huo. Hapo ndipo mtaa maskini wa mjini unapopotea machoni pa mpanga bajeti. Wastani wa kaunti unachanganya Nyali na Muoroto, unachanganya afisi za meli za Shimanzi na vyumba vya Majengo. Mtaalamu akitazama ramani anaona minara ya simu imesongamana, mawimbi yapo, waya upo, anapiga mstari na kuandika: eneo hili limefikiwa. Fedha zinapelekwa kaskazini, ambako nako zinahitajika kweli. Mtaa wetu umefikiwa na mawimbi, haujafikiwa na huduma.

Mji wa Kale una ugumu wake wa ziada ambao mtu wa Nairobi hawezi kuujua. Kuta za nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe, nene kiasi cha kumeza mawimbi. Ukitoka barazani ukaingia chumba cha ndani, simu inapoteza mtandao. Mji umekuwa eneo la hifadhi tangu 1990, na Fort Jesus ikaingia katika urithi wa dunia mwaka 2011. Hauchimbwi ovyo, wala hautundikwi nyaya ovyo, na ni vizuri iwe hivyo. Kampuni inayotafuta faida ya haraka itakwenda kwenye magorofa mapya. Atakayeingia hapa ni yule aliyetumwa na umma na kulipwa na umma.

Ugumu wa pili ni saa, na huu naona ndio mkubwa kuliko yote, ingawa sijauona katika mpango wowote wa serikali. Mtoto wa Mji wa Kale anatoka shule alasiri, anakula, anavaa kanzu au buibui, anakwenda chuoni kusoma Kurani hadi magharibi. Jumamosi na Jumapili asubuhi yuko madrasa tena. Nafasi yake ya kweli ni baada ya swala ya magharibi hadi kidogo kupita isha, na mchana wa mwisho wa wiki. Vituo vya serikali hufungwa saa kumi na moja jioni na havifunguliwi Jumapili. Hata ukimjengea mtoto huyu jumba la marumaru lenye kompyuta mia, ataliona likiwa limefungwa kila siku ya maisha yake. Kwa wasichana tatizo ni zito zaidi. Mzazi wa hapa hamruhusu bintiye kukaa saiba saa mbili usiku katikati ya vijana wa maskani, na simlaumu. Matokeo yake kaka anajifunza kutafuta na kutuma, dada anaandikiwa na kutumiwa. Atakapofika chuo kikuu atatofautiana na wenzake kwa jambo lisilohusu akili yake hata kidogo.

Tumewahi kujua nini kinachofaa? Tumejua, tena kwa ushahidi uliotoka nchini mwetu. Utafiti uliofanywa Kisumu na kuchapishwa mwaka 2016 ulilinganisha njia tatu za kutumia teknolojia kusaidia watoto kusoma: vifaa mikononi mwa wanafunzi, vishikwambi mikononi mwa walimu, na vishikwambi mikononi mwa maafisa wanaowatembelea walimu darasani na kuwashauri. Watoto walisonga mbele kwa njia zote, na hakuna njia iliyozishinda nyingine kwa kiasi cha maana. Tofauti ilikuwa kwenye gharama, na kuwapa wanafunzi vifaa ndiko kulikoleta matunda madogo zaidi kwa kila shilingi. Mpango wa Tusome, ulioenea nchi nzima kuanzia 2015, ulifuata somo hilo hata kabla halijachapishwa, ukawapa vifaa maafisa washauri. Kwa hiyo miaka ile ile ambayo nchi ilikuwa ikisambaza vishikwambi vya darasa la kwanza, nchi hiyo hiyo ilikuwa na jibu tofauti mkononi. Jibu hilo halikupata tarumbeta.

Peru ililipa ghali zaidi kwa somo hilo. Ilinunua vipakatalishi vya bei nafuu kwa shule za mashambani, na wachunguzi wa Benki ya Maendeleo ya Amerika, katika ripoti ya mwaka 2012 iliyohusu shule 319, hawakuona nyongeza yoyote katika hisabati wala lugha. Vifaa vilifika, intaneti haikufika, na walimu hawakuandaliwa. Uruguay ilianza mpango wake wa Ceibal mwaka 2007 ikauunganisha na mtandao wa shule za umma na taasisi ya kudumu ya kuutunza, na taasisi hiyo ingali hai. Jirani zetu Tanzania, baada ya sensa ya Agosti 2022, walivichukua vishikwambi vya makarani wakawapa walimu. Mpango huo nao hautoshi peke yake, ila walau ulianza kwa mwalimu.

Sisi tumekuwa hodari wa kubadilisha majina. Wakati wa Kibaki chumba cha kompyuta cha umma kiliitwa kituo cha Pasha, na wafanyabiashara wadogo walikopeshwa fedha wakiendeshe. Wakati wa Uhuru Kenyatta kikawa kituo cha ubunifu cha eneobunge, chini ya hazina ya maendeleo ya maeneobunge. Serikali ya sasa imeahidi vituo vya kidijitali 1,450, kimoja kwa kila wadi nchini, pamoja na sehemu 25,000 za mtandao wa bure. Wazo ni lile lile na ni zuri. Lakini kila utawala huzindua upya badala ya kurithi. Hauulizi vile vya awali vilikufa kwa nini, na jibu si siri: hakuna aliyetengewa fungu la kulipa mtandao na mhudumu baada ya utepe kukatwa.

Na wakati mwingine mkono mmoja wa serikali haujui mwingine unafanya nini. Kampuni za mawasiliano hutoa asilimia 0.5 ya mapato yao ya mwaka kwa Hazina ya Huduma kwa Wote, inayosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Hazina hiyo iliunganisha intaneti katika shule za umma karibu 900, zote za sekondari. Vishikwambi vilikwenda shule za msingi. Basi wadogo wakapata vifaa bila mtandao, na wakubwa mtandao bila vifaa, chini ya wizara moja.

Hapa kwetu tunao mfano bora kuliko wa Uruguay. Mwaka 1986, hapa Mombasa, Bi Swafiya Said alianza kazi ya kuingiza elimu ya chekechea ndani ya madrasa, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan. Hakujenga majumba mapya. Alitumia vyumba ambavyo mtaa ulishaviamini, akawafunza akina mama wa mtaa huo huo kuwa walimu, akatengeneza vifaa kutokana na vitu vilivyokuwa vikipatikana pale pale, na wazazi wakawa wasimamizi. Mpango ulivuka bahari hadi Zanzibar, ukafika Uganda. Ulidumu kwa sababu mama wa Kibokoni hakuulizwa ampeleke mwanawe mahali pageni kwa mtu asiyemjua. Kisiwa hiki kimezoea vyumba vya umma vya elimu: maktaba ya Seif bin Salim, yenye ukumbi wa kusomea bure, ilifunguliwa hapa mwaka 1903. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kule Tudor kilianza kama MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu iliyofungua milango 1951 kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamii ya Mabohora pamoja na serikali ya kikoloni. Na tangu 2016 SwahiliPot, karibu kabisa na Fort Jesus, imewakutanisha vijana wa teknolojia na wa sanaa chini ya dari moja. Kinachokosekana ni kuvishusha vyumba vya namna hiyo hadi kwa mtoto wa gredi ya nne, katika kila mtaa, kwa fedha za kudumu.

Watu wataniuliza fedha zitoke wapi, nami nawaelekeza kivukoni. Mtu anayevuka Likoni kwa miguu halipi hata senti. Gari hulipa. Hakuna waziri aliyesimama kusema mpiga mbizi, mchuuzi wa samaki na mwanafunzi wa Mtongwe wanunue tiketi ili feri ijiendeshe, kwa sababu kila mtu anaelewa kwamba wakilipishwa, mji utasimama. Kivuko kile ni barabara, na barabara ya mtu wa miguu hulipiwa na wote. Mtandao wa kujifunzia umeshakuwa barabara. Tovuti za KICD, za mitihani, za vyuo na za mikopo zingeweza kufunguka bila kukata bando kwenye simu yoyote, iwapo Mamlaka ya Mawasiliano ingekaa na kampuni na kukubaliana malipo kutoka Hazina ya Huduma kwa Wote. Huo ungekuwa msaada kwa aliye na simu. Kwa asiye nayo, chumba.

Kuhusu chumba, kaunti isijifiche nyuma ya neno la kawaida kwamba elimu ya msingi ni ya serikali kuu. Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, na pia maktaba. Jengo la maktaba ya umma lipo barabara ya Msanifu Kombo, katikati ya mji. Ukumbi wa Tononoka upo. Madrasa ziko kila kichochoro, na nyingi zina chumba kinachokaa tupu baada ya magharibi. Shule za msingi zina umeme tayari, na zina yale makabati. Kinachotakiwa ni mlango wa tatu wa siku: shule ikifungwa na madrasa ikimalizika, chumba kifunguliwe hadi saa tatu usiku. Kiwe na zamu ya wasichana inayosimamiwa na mwanamke wa mtaa, na vijana waliomaliza chuo walipwe kuwahudumia. Na ningependa sana kijana wa saiba awe wa kwanza kuajiriwa, kwa sababu kazi anaijua tayari.

Wazazi wengine wanaogopa mtandao wenyewe: kamari, picha chafu, watu wabaya. Wana haki ya kuogopa, na hofu hiyo ndiyo hoja yangu kubwa. Mtoto anayejifunza intaneti peke yake chini ya shuka, kwa simu ya kuazima, yuko hatarini kuliko anayeketi kwenye chumba chenye mwanga, akiwa na mwalimu nyuma yake na wenzake pembeni. Tukikataa kumfungulia chumba hatujamzuia kuingia mtandaoni, tumemnyima wa kumshika mkono tu.

Sasa ni juu yetu wa eneobunge la Mvita, wa wadi zote tano: Mji wa Kale/Makadara, Tudor, Tononoka, Shimanzi/Ganjoni na Majengo. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kaunti hupeleka waraka wake wa mkakati wa fedha kwenye bunge la kaunti kabla ya mwisho wa Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya mwisho wa Aprili, na kabla ya hapo ni lazima wananchi wasikilizwe. Mikutano hiyo hujaa watu wa barabara na mitaro, na watu wa elimu ni wachache. Nendeni. Mkifika msiombe vishikwambi. Ombeni fungu la mwaka mzima la kulipia mtandao, mshahara wa mhudumu, na saa za kufungua zilizoandikwa, kisha mwambieni mwakilishi wadi ataje mbele yenu ni chumba kipi na kitafunguliwa lini. Hakikisheni karani ameliandika jibu lake.